Tukimbie Pamoja, Tusikimbiane: Njia za Mbio Katika Uwanda wa Ruzizi

Haya ni maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa shirika la kwetu mbele ya kamati za vijana za uwanda wa Ruzizi, wazee wa vijiji na wageni kutoka mashirika rafiki.

 

Tumeombwa kusema juu ya njia za mbio. Tunajua kuna watu waliocheka waliposikia jambo hilo. Walisema: watu hawana chakula, mashamba yameachwa, watoto hawasomi, na ninyi mnakuja kutuambia habari ya kukimbia asubuhi kama watu wa mji wanaotaka kupunguza tumbo? Hatuwalaumu. Ni swali zuri, na mazungumzo yetu ya leo yatajaribu kulijibu. Sisi tunaofanya kazi vijijini tumeona kwamba njia ya miguu ya kilometa chache kati ya vijiji viwili inaweza kutuonyesha hali ya amani kuliko karatasi nyingi zilizotiwa sahihi. Tunaomba mtusikilize kwa uvumilivu.

Neno moja, maana mbili

Katika Kiswahili chetu neno kukimbia lina maana mbili. Mtoto anayeshindana na wenzake anakimbia. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na godoro kichwani, naye anakimbia. Kutoka neno hilo tulipata neno wakimbizi, na katika uwanda huu neno hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote.

Sisi tulio na miaka thelathini na zaidi tulijifunza kukimbia tukiwa mgongoni. Vita vya 1996 vilianzia katika sehemu hizi za Uvira na milima yake. Vya 1998 vikafuata. Watu wa Katogota hawasahau Mei 2000. Ng'ambo ya mto, Gatumba, wakimbizi kutoka kwetu zaidi ya 150 waliuawa usiku wa tarehe 13 Agosti 2004. Mutarule, tarehe 6 Juni 2014, watu wasiopungua 30 waliuawa usiku mmoja. Hatutaji majina hayo ili tupime nani alilia zaidi. Tunayataja kwa sababu kila kabila lililo hapa ndani linaweza kunyoosha kidole mahali fulani katika uwanda na kusema: pale tuliwazika wetu.

Kwa sababu hiyo, kwetu mtu anayekimbia ni habari. Kijana akipita mbio katikati ya kijiji asubuhi na mapema, mama anatoka jikoni, anashika watoto, anauliza: kuna nini? Kama vijana ni kumi, haulizi tena, anafunga mzigo. Katika nchi nyingine mtu akiona kundi linakimbia anafikiri ni michezo. Sisi tunafikiri kwanza wanatoroka nini.

Basi, kazi yetu kuhusu njia za mbio ilianza na swali hilo: inawezekana siku moja kijana wa kijiji hiki apite mbio katika kijiji cha jirani, na mtu asishtuke? Siku hiyo ikifika, tutajua kuna kitu kimebadilika.

Uwanda wetu ulivyo

Wageni wetu wengine hawajatembea sana hapa, kwa hiyo tueleze kidogo. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, karibu meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na unaingia Ziwa Tanganyika, karibu meta 770. Sehemu ya juu mto unapita kwa nguvu katika mabonde membamba, ndiko yalikojengwa mabwawa ya umeme ya Ruzizi. Ukifika Kamanyola nchi inafunguka. Kuanzia hapo mpaka Uvira ni tambarare: upande wa magharibi milima, upande wa mashariki mto, na ng'ambo ya mto ni Rwanda mbele ya Kamanyola, halafu Burundi mpaka ziwani. Barabara kubwa namba 5 inapita katikati: Kamanyola, Katogota, Luvungi, Bwegera, Luberizi, Sange, Runingu, Kiliba, hadi Uvira.

Mtu asiyejua atasema: nchi tambarare, mbio ni rahisi. Ni kweli, miguu haichoki kama milimani. Lakini tambarare ina mambo yake. Hakuna kivuli. Jua likishapanda joto linakuwa kali, kwa hiyo mbio ni za asubuhi. Maji yanatoka milimani kwa vijito vingi, na wakati wa mvua vijito hivyo vinashuka na mawe na magogo, vinakata njia na kubomoa madaraja. Watu wa Uvira wanajua hasira ya mto Mulongwe tangu mafuriko ya Aprili 2020, yaliyochukua watu na manyumba.

Tena kuna jambo kubwa kuliko yote. Milimani, mpaka wa vijiji ni kilima au bonde, kila mtu anauona. Uwandani mpaka hauonekani. Ni mfereji wa maji, ni muembe wa zamani, ni mahali ambapo mzee fulani alisema kwamba babu yake aliweka jiwe. Wazee wakipatana, mpaka umetulia. Wazee wakigombana, shamba la mpunga linakuwa la watu wawili. Ndiyo maana ugomvi wa sheferi ya Bafuliiru na sheferi ya Uwanda wa Ruzizi ulichukua moto mkubwa, hasa baada ya kuuawa kwa mwami wa uwanda mwaka 2012. Kwa mgeni, nchi hii ni wazi kama meza. Kwa kijana aliyezaliwa hapa, imejaa kuta zisizoonekana. Anajua ni mti gani asipite jioni.

Njia ya mbio inagusa kuta hizo moja kwa moja. Kwenye mkutano mtu anaweza kusema kwamba hakuna shida kati yetu. Kwenye njia, miguu yake inasimama penyewe.

Namna njia inavyozaliwa

Wengine wanafikiri njia ya mbio ni kuchora mstari kwenye ramani. Sisi hatuchori kwanza. Tunatembea kwanza.

Tunatafuta vijana wawili wa upande mmoja na wawili wa upande mwingine, mzee mmoja, mfugaji mmoja, na mama mmoja anayekwenda sokoni kila wiki. Tunawaomba watembee pamoja kutoka kijiji mpaka kijiji, polepole, bila haraka ya kumaliza. Na tumejifunza kumweka mama mbele. Wanaume wanajua mipaka, lakini wamama wanajua njia. Wanapita kila siku na muhogo na kuni, hata wakati ambapo waume zao hawasalimiani. Mahali pamoja vijana walisimama kwenye muembe wakakataa kuendelea, walisema hapo ndipo kwetu panaisha. Mama aliwapita, akafika ng'ambo ya mti, akageuka akawauliza kama wanangoja awabebe. Walicheka, wakapita. Siku hiyo hatukuhitaji hotuba.

Tukiisha kutembea, kazi ya kuomba ruhusa inaanza. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na inaweza kuchukua majuma mengi. Tuseme mambo tunayoangalia.

La kwanza ni mashamba. Njia nzuri ya kukimbia uwandani mara nyingi ni tuta la mfereji, maana ni kavu na limenyooka. Lakini tuta ni mali ya wakulima. Watu ishirini wakikimbia juu yake kila asubuhi wakati wa mvua, linabomoka, na maji ya mpunga yanapotea. Kwa hiyo tunapatana na wanaotunza maji: wakati wa kupanda tunapita upande mwingine, na vijana wanatoa kazi ya mikono kutengeneza tuta mara kwa mara. Hapo mkulima anaona faida, na anakuwa mlinzi wa njia.

La pili ni ng'ombe. Wakati wa kiangazi mifugo inashuka kutoka nyanda za juu kutafuta majani na maji uwandani. Ni wakati wa ugomvi, tunaujua wote: ng'ombe wameingia katika mahindi, mfugaji anasema alishalipa itulo kwa mkuu wa mahali, mkulima anasema hakuona hata franka moja. Njia ya mbio isikate njia ya ng'ombe bila mapatano. Tunauliza wafugaji saa ambazo mifugo inakwenda majini, tunapanga mbio saa nyingine. Ng'ombe akishtuka kwa kundi la watu anaingia shambani, na kesi inaanza kwa sababu ya mchezo. Tena kuuliza huko kuna faida yake. Kuna wafugaji ambao kwa muda mrefu hakuna kijana mkulima aliyewahi kuwauliza kitu kwa heshima.

La tatu ni wanyama wa mto. Kiboko anatoka usiku kula majani na anarudi majini alfajiri. Hatari yake ni kubwa mtu anapokuwa katikati yake na maji. Kwa hiyo njia iliyo karibu na matete ya Ruzizi haikimbiwi kabla jua kutoka vizuri. Na kwenye vivuko, mamba. Wavuvi wanajua mahali, waulizwe.

La nne ni barabara kubwa. Vijana wanaipenda kwa sababu ni pana. Sisi tunasema hapana. Malori yanapita kwa kasi, na hakuna mahali pa kujitupa. Tunakumbuka Sange, tarehe 2 Julai 2010, gari la mafuta lilipopinduka likashika moto, na watu zaidi ya 200 wakafa. Njia za mbio zikae ndani ya mashamba na vijiji, barabara ivukwe tu, mahali pamoja, na mtu wa kusimamia.

La tano ni mabaki ya vita. Kitu chochote cha chuma kisichojulikana hakiguswi, hakipigwi teke, hakiletwi kwa mkuu wa kijiji ili akione. Kinawekewa alama kwa mbali, watu wanarudi kwa nyayo zao, na habari inapelekwa kwa wanaohusika. Njia mpya haikimbiwi kabla wakaaji hawajasema kwamba wanaitumia kila siku. Njia iliyoachwa miaka mingi, hata kama ni nzuri kwa macho, tunaiacha.

La sita ni askari na barieri. Watafiti wa shirika la IPIS walihesabu karibu barieri 800 katika Kivu mbili, katika kazi yao iliyotolewa mwaka 2017. Kila mmoja wetu amelipa mahali fulani. Mwenye silaha akiona vijana wanakuja mbio, hawezi kujua ni mchezo. Kwa hiyo kila mara watu wa mahali wanaarifiwa mapema, siku na saa. Hakuna mbio usiku. Hakuna nguo zinazofanana na za kijeshi. Hakuna anayebeba panga au fimbo. Na hakuna njia inayopita mbele ya kambi. Pia hatukimbii mpaka ukingoni mwa Ruzizi mahali pa kuvukia, maana mto ni mpaka wa nchi, na upande wa pili nao una walinzi wake. Mahali wenye silaha wanapoomba pesa ili vijana wapite, tunaiacha njia hiyo. Hatutaki kuongeza barieri nyingine kwa jina la amani.

La saba ni wasichana, na hapa tutakaa kidogo.

Wasichana kwenye njia

Mahali pengi vijana waliokuja siku ya kwanza walikuwa wavulana watupu. Tulipouliza wasichana wako wapi, jibu lilikuwa moja: wana kazi. Ni kweli. Saa ya mbio ndiyo saa ya kuteka maji, kufagia, kuwasha moto. Mtu akisema wasichana hawapendi michezo, amwangalie msichana anayetoka mtoni na bidoni ya lita 20 kichwani, halafu aseme tena.

Kuna sababu nyingine ambayo haisemwi kwa sauti. Baba na mama wanaogopa njia. Wamesikia, wengine wameona, mambo ambayo binti zetu wamefanyiwa katika mashamba wakati wa vita na hata wakati usio wa vita. Hofu hiyo haiondolewi kwa maneno matamu. Inapunguzwa kwa mipango: wasichana wanakimbia kwa kundi, haachwi mtu wa mwisho peke yake, mama mmoja anayeaminika anakaa katikati ya njia na filimbi, saa ya kurudi inajulikana na wazazi wote, na nguo zinachaguliwa na wasichana wenyewe pamoja na mama zao. Mahali pamoja walikubaliana kukimbia na vitambaa vya kiunoni. Hakuna aliyeshindwa kukimbia kwa sababu ya kitambaa.

Na kazi ya nyumbani? Wazee walipoulizwa walikaa kimya. Ndipo mama mmoja mzee akasema kwamba kaka zao wakiweza kukimbia kilometa 5 bila kuchoka, wanaweza kuteka maji siku mbili kwa juma. Neno hilo liliandikwa katika mapatano ya njia. Hatusemi linafuatwa kila nyumba. Lakini limeandikwa, na wasichana wanajua mahali liliandikwa.

Njia iliyokaa kimya

Sasa tuje kwa faida. Wafadhili wanauliza sikuzote: mbio zinaleta amani namna gani? Tujibu kwa yale tuliyoyaona.

Kati ya vijiji viwili, ambavyo hatutavitaja, kulikuwa na njia iliyokimbiwa mara mbili kwa juma, siku ya pili na ya tano. Upande mmoja wengi ni Bafuliiru, upande mwingine wengi ni Barundi. Watu walizoea. Mama anayeuza mandazi alijua saa kwa kuona vijana wanapita. Asubuhi moja ya siku ya pili hakuna aliyepita. Hakuna risasi iliyosikika, hakuna tangazo, hakuna barua. Ilikuwa kimya tu. Kabla ya saa nne mzee wa upande wa pili alituma mtu kuuliza. Ikajulikana kwamba usiku ng'ombe waliibwa, na vijana wa upande mmoja walishaanza kukusanyika kwa hasira. Kamati ilikaa siku hiyo hiyo, si baada ya juma moja kama zamani.

Hatusemi mbio ndizo zilizorudisha ng'ombe. Wengine walipatikana, wawili hawakuonekana mpaka leo, na mwenye mali bado ana uchungu. Lakini siku ile hakuna aliyechomewa nyumba. Tumejifunza hapo kwamba njia inayokimbiwa kila juma ni kama saa ya ukutani: huisikilizi, lakini ikisimama unajua. Njia iliyokaa kimya ni habari, na habari hiyo inafika mapema.

Faida ya pili ni jina. Kijana aliyekimbia pamoja na mwenzake miezi mitatu anajua jina lake, anajua goti gani linamuuma, anajua kaka yake anasoma wapi. Uvumi ukija jioni kwamba wale wa kijiji kile wamejipanga kuja, ana mtu wa kumpigia simu. Vita vyetu vingi vililishwa na uvumi. Simu moja kwa mtu unayemjua inaweza kuzima uvumi ambao mkutano mzima hauwezi kuuzima.

Wazee walisema penye nia pana njia. Sisi tumeona na upande wa pili wa methali hiyo: penye njia, hata nia huzaliwa.

Mifano ya majirani

Hatukuwa wa kwanza. Nchini Kenya, Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mbio ndefu za New York mwaka 1994, alianzisha mwaka 2003 mbio za amani huko Kapenguria, kati ya Wapokot, Waturkana, Wakaramojong na jirani zao, watu walioumizana miaka mingi kwa sababu ya ng'ombe. Aliwaita kukimbia wale wale waliokuwa wakivamia. Hilo ni funzo: tusiwaite vijana wapole tu. Yule ambaye kijiji kinamwogopa, naye ana miguu.

Ng'ambo ya Ruzizi, Vénuste Niyongabo aliipatia Burundi medali yake ya kwanza ya Olimpiki, nayo ya dhahabu, katika meta 5,000 huko Atlanta mwaka 1996, wakati nchi yake ilikuwa katika vita. Watu wanakumbuka medali. Sisi tunapenda kukumbuka jambo lingine: nafasi yake katika meta 1,500 alimwachia mwenzake mzee zaidi, Dieudonné Kwizera, ambaye alikuwa hajawahi kupata bahati ya kukimbia katika Olimpiki. Mtu anaweza kutoa nafasi yake na bado akashinda. Neno hilo lisemwe kwa vijana, na lisemwe zaidi kwa sisi wakubwa tunaogombea viti.

Na mwaka 2016, katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio, kati ya watu kumi wawili walikuwa Wakongo, Popole Misenga na Yolande Mabika, wapigana judo. Walitoka Kivu hii hii.

Yaliyotupata 2025

Hatuwezi kusimama hapa na kusema kama vile hakuna kilichotokea. MONUSCO ilifunga kazi yake katika Kivu ya Kusini mwezi wa Juni 2024. Mwezi wa Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, watu wetu kwa maelfu walikimbilia Burundi. Wengi walivuka Ruzizi kwa miguu na kwa kuogelea, na kuna waliochukuliwa na maji. Wengi walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, kabla ya kupelekwa Musenyi. Mwezi wa Desemba 2025 vita vilishuka uwandani kwenyewe, kutoka Kamanyola mpaka Uvira, na watu wakakimbia tena.

Njia zetu zilitumika siku hizo. Hazikutumika kwa mchezo. Vijana waliozijua waliwapitisha wazee na watoto mbali na barabara, walijua daraja la gogo liko wapi na mfereji gani una kina. Hatujui tuseme tunafurahi au tunalia. Tulitengeneza njia ili watu wasikimbie, na siku ilipofika, njia iliwasaidia kukimbia. Lakini kuna jambo moja lisipotee: katika kupita huko, watu hawakuulizana kabila kwenye daraja. Waliokuwa wamezoea kupita pamoja walipita pamoja.

Kwa hiyo swali la leo si kama tutarudi kwenye njia, ni namna gani. Sisi tunasema hivi. Mahali ambapo silaha bado ziko karibu, hatukimbii, tunangoja. Mahali palipotulia, tusianze na mbio. Tuanze tena na kutembea, kama mara ya kwanza, na mama mbele. Majani yameota, vita vimeacha vitu chini, na watu wengine wamerudi na maneno mazito moyoni. Ruhusa za zamani zisitumike kama vile zingali hai. Ziombwe upya, nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba.

Tunachoomba

Kwa ninyi wageni na marafiki: mtusamehe tukisema wazi. Siku moja ya mbio, na fulana mpya, na kitambaa kikubwa chenye maandishi, na mapicha, ni nzuri, lakini jioni yake kila mtu anarudi nyuma ya ukuta wake. Njia inahitaji vitu vidogo kwa muda mrefu: majembe na mapanga ya kufyeka, mbao na misumari ya daraja, filimbi, dawa za vidonda, vocha za simu za kamati. Inahitaji mtu wa kuitembelea hata mwaka wa tatu, wakati mradi hauna tena jina. Na zawadi za pesa tusizilete mwanzoni, zinazaa ugomvi mpya. Mbio za kupokezana kijiti zinafaa zaidi, timu moja ikiwa na watu wa vijiji vyote viwili, na zawadi iwe mbuzi wa kula pamoja.

Kwa wazee na wakuu wetu: mpaka usipoonekana kwa macho, mdomo wenu ndio ukuta, na mdomo wenu ndio mlango. Kijana akiomba kupita, mjibuni siku hiyo hiyo.

Kwa wafugaji na wakulima: saa za maji na saa za ng'ombe zisemwe mapema, kabla kiangazi hakijatukuta.

Kwa wamama: mmezibeba njia hizi kichwani miaka yote. Msikubali zipangwe bila ninyi.

Kwa mwenye silaha, wa upande wowote, ambaye maneno haya yatamfikia: ukiona vijana wanakuja mbio asubuhi, bila mzigo na bila kulia, hawakutoroki wala hawakufuati. Waache wapite.

Na kwa vijana wenzetu, wa hapa na wale walio bado ng'ambo ya mto: miguu yetu imejua sana kukimbia vita. Haijasahau mbio nyingine. Tukutane kwenye njia, polepole kwanza, na yule wa mwisho tumngoje.